Masika ya Kufuli

Jumatatu, 2 Machi

Namwomba Mwenye kurehemu anishikie mkono ninapoandika, niyaseme niliyoyaona wala nisiyazidishe. Mawingu ya masika yamesimama tangu alfajiri na bado hayajaamua.

Nimestaafu kufundisha dini, na majirani wamenikabidhi uenyekiti wa kamati ya kituo chetu cha kulelea watoto. Kumbukumbu rasmi huandikwa na katibu. Hizi ni zangu mwenyewe.

Kituo kina vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukumbi mwembamba. Kimoja ni cha watoto wadogo, ambao mama zao huwaacha asubuhi wakaenda kazini. Cha pili ni karakana, ambamo vijana waliomaliza shule na kukosa shughuli hufundishwa useremala jioni. Vyote viwili huendeshwa kwa ruzuku ya halmashauri ya mji, maana yake kwa kodi ya mama hao hao. Mjukuu wangu yumo katika chumba cha watoto. Mama yake, binti yangu wa mwisho, ni mjane na hufua mashuka ya hospitali. Mlango wa kituo ukiwa wazi, naye ana kazi. Ukifungwa, hana. Nyumba yetu nzima inaegemea mlango huo.

Alhamisi, 5 Machi

Leo nimefukuzwa na mlezi mkuu. Watoto humwita Bibi, lakini mtaa mzima humwita Mama Kimya, kwa kuwa watoto wakishakula huwatandikia mikeka, hushusha mapazia, na kwa saa hiyo nzima hapiti mtu wala hasemi mtu. Mimi nilifika na fimbo yangu nikiigonga sakafuni kama kawaida. Akatoka, kidole mdomoni.

"Mwalimu, fimbo."

"Fimbo imefanya nini?"

"Inaongea."

Nimeondoka nimenuna. Ni mwanamke mkavu, na sidhani kama anatambua anazungumza na mwenyekiti wake.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Karakana ilipiga kelele jioni yote, misumeno na muziki wa simu pamoja. Yule kijana mrefu wanayemwita Nyundo alinipa shikamoo huku amebana misumari kwa meno. Nimeitikia marahaba, ila nusu nusu.

Jumatano, 18 Machi

Mkaguzi wa halmashauri amekuja. Hakutoa taarifa, na saa aliyoichagua ni ile ile ya usingizi. Mama Kimya alimkuta mlangoni na viatu vyake vyenye tope, akajiwekea kidole mdomoni, kisha akamwonyesha mahali pa kuvulia viatu. Bwana yule hakuvua. Akafunua pazia kwa kalamu, akachungulia gizani, akaenda karakana akaikuta tupu, akaandika.

"Subiri kidogo, baba," Mama Kimya alimnong'oneza. "Wakiamka wataimba, watakuchorea hata na gari. Vijana nao huja jioni."

"Nimeona ninachokihitaji."

"Hujaona kitu. Wamelala."

"Ndivyo nilivyoandika."

Nilimwambia mama huyu kwamba mgeni wa serikali hapokewi hivyo. Akanijibu kwamba mtoto aliyeamshwa kwa kushtuliwa hulia mpaka magharibi, na mgeni wa serikali atakuwa ameshaondoka, hatakuwapo kumbembeleza. Ni kweli. Hata hivyo sikupenda.

Jumamosi, 28 Machi

Ruzuku imesimamishwa. Katibu ametusomea barua mbele ya kamati. Inasema kwamba kituo hakina shughuli yoyote inayoonekana, kwamba watoto walikutwa wamelala mchana, na kwamba karakana haina wanafunzi.

Fundi seremala, anayewafundisha vijana, alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Kwa hiyo na hospitali waifunge," akasema. "Wagonjwa nao wamelala mchana."

Tukacheka. Kisha kicheko kikatukatika wote kwa pamoja.

Jumatatu, 30 Machi

Nimekwenda kwa diwani wetu. Nilimfundisha akiwa mdogo, mtoto mwepesi wa kushika somo, na mpaka leo hunibusu mkono. Nilikwenda na matumaini makubwa, nami naandika hivyo bila kuona haya.

Alinikalisha kwenye kiti cha kuzunguka, akaagiza chai. "Mwalimu wangu, hili niachie mimi. Fedha hazijapotea. Zimehamishwa tu."

"Zimehamishwa kwenda wapi, mwanangu?"

"Bustani ya mbele ya jengo la halmashauri. Mji lazima uwe na sura."

Nilimuuliza kama sura ya mji ni maua au ni watoto wake. Akasema swali hilo ni zuri sana, kisha akatazama simu yake.

Nilipotoka mvua ilikuwa inamwagika. Katikati ya bustani hiyo mpya kulikuwa na bomba la kunyunyizia maji, nalo lilikuwa linazunguka, linayamwagilia maua ndani ya mvua. Nikasimama pale nikalowa, nikitazama. Mtunza bustani alinijia mbio na mwavuli. Akaniambia, "Mzee, hata mimi nilisema. Nikaambiwa ratiba ni ratiba."

Jumamosi, 4 Aprili

Askari wa halmashauri wametia makufuli kwenye vyumba vyote viwili. Funguo wamempelekea diwani, kwa kuwa majengo ya umma ya mtaa huu yako chini yake. Mama Kimya alisimama barabarani, mikeka yake kichwani, wala hakulia. Aliuliza tu kama angeweza kuingia kuchukua kikombe cha mtoto mmoja asiyekubali kunywea kingine. Akakataliwa.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua. Mama Kimya amewachukua nyumbani kwake watoto wanaotosha, na chumba chake ni kimoja. Mjukuu wangu hakutosha. Nilimwambia binti yangu niachiwe mimi.

"Baba, juzi ulidhani ametoka nje, ukaita jina lake mpaka sauti ikakauka, naye yuko uvunguni mwa kitanda anakucheka. Angekuwa ametoka kweli je? Ungemkimbiliaje?"

Miguu yangu haina jibu la swali hilo. Amekosa kazi tena leo. Msimamizi wake amemwambia kwamba mwezi ujao nafasi yake itapewa mwingine.

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua. Bomba la bustani bado linazunguka.

Jumanne, 14 Aprili

Nitaandika kwa utaratibu, ijapokuwa mkono hautaki utaratibu.

Mvua ilinyesha tangu usiku, na kufikia asubuhi mtaro wa nyuma ya nyumba zetu ukawa umejaa taka na kuziba. Maji yakapanda uani. Nilikuwa ninatia magunia ya mchanga kizingitini pamoja na binti yangu, tukasikia mtoto analia katika chumba cha jirani yetu muuza mboga. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Mwenyewe alikuwa sokoni. Mwanawe mdogo, ambaye mpaka majuzi alikuwa akilala kwenye mkeka wa Mama Kimya, alikuwa ndani peke yake, na maji yalikuwa yanaingia kwa chini ya mlango kana kwamba yameitwa.

Mlango ule ni wa chuma. Mwenye nyumba aliuweka kwa kuogopa wezi. Wanaume tukausukuma. Tukaupiga mateke. Dirisha lina nondo. Mtu mmoja akasema tumpigie simu mama yake, mwingine akasema tumpigie diwani. Tukapiga kote. Kwa mama iliita bila kupokelewa, kwa sababu ya kelele za mvua kwenye mabati ya soko. Kwa diwani ilipokelewa na mtu aliyesema yuko kikaoni.

Hapo ndipo Nyundo na wenzake walipofika wakikimbia. Alitazama bawaba, hakuusukuma mlango hata kidogo, akasema, "Mtaimbo." Mitaimbo ya kituo iko karakana. Karakana ina kufuli la halmashauri. Wenzake wakaenda, nikawasikia kwa masikio yangu wakilivunja kwa jiwe, na katika umri wangu wote sijapata kusikia sauti ya uharibifu iliyonituliza moyo namna ile.

Yeye Nyundo hakwenda. Alibaki dirishani akizungumza na mtoto.

"Kapteni, uko wapi?"

"Kwenye meza." Sauti ya mtoto ilikuwa imekatikakatika.

"Safi. Inafanyaje hiyo meza?"

"Inaogelea."

"Basi hiyo ni meli yako. Kaa katikati, usisogee pembeni, nahodha hakai pembeni. Unamwona abiria yeyote?"

"Kuna kiatu cha mama."

"Mwambie kiatu atulie, tunakuja kukata tiketi."

Mtoto akacheka. Maji yalikuwa yamefika mapajani mwetu sisi watu wazima tuliosimama nje, na ndani mtoto anacheka. Mtaimbo ukaja. Fundi aliwafundisha vizuri: hawakuugombania mlango, waliziendea bawaba, ya chini kwanza, kisha ya juu, mlango ukalala kwa upande wake kama ng'ombe aliyechoka. Nyundo akaingia akatoka na mtoto begani, kiatu cha mama yake mkononi.

Muuza mboga alifika baadaye akiwa hana kanga wala kikapu, vyote amevitupa njiani. Watu ambao dakika chache nyuma walikuwa wanatetemeka kwa hofu wakapata ulimi.

"Mama gani anamfungia mtoto kama kuku?"

Mama Kimya alikuwa amefika, amembeba mgongoni mmoja wa watoto anaowalea. Mwanamke huyu ambaye sijapata kumsikia akipaza sauti aliipaza.

"Angemwacha wapi? Wewe uliyesema, nitajie mahali. Kwako? Ungempokea? Alikuwa na mahali, pakafungwa, ukakaa kimya. Sasa kaa kimya hivyo hivyo."

Na watu wakakaa kimya, mimi nikiwa miongoni mwao. Nimewafundisha watu miaka mingi haki ya mtoto mdogo na haki ya jirani. Leo nimesomeshwa somo hilo nikiwa nimesimama ndani ya maji machafu, na nimelielewa zaidi.

Alhamisi, 16 Aprili

Wamemkamata Nyundo. Kosa lake ni kuvunja kufuli, mali ya umma. Nimekwenda na fundi kumdhamini. Askari wa zamu alikuwa kijana mwenye adabu, akasema yeye ametumwa tu, na kwamba halmashauri itaamua katika kikao cha mwisho wa mwezi kama shauri liende mahakamani. Katika kikao hicho hicho watazungumzia kituo kama kifungwe moja kwa moja.

Jioni nimemsikia diwani redioni. Ameishukuru halmashauri kwa namna ilivyowahudumia waliopatwa na mafuriko. Akaongeza kwamba vijana wasio na kazi wasitumie maafa kuvunja majengo ya serikali.

Nilizima redio. Mtu huyo nilimfundisha herufi akiwa mtoto. Nilimshika kidole nikamwongoza juu ya ubao. Leo nimejiuliza kwa mara ya kwanza kama kubusu mkono wangu ilikuwa heshima, au ni namna ya kuniziba mdomo.

Jumapili, 19 Aprili

Mvua. Nimeomba niondolewe hasira. Kisha nikaomba ibakizwe mpaka siku ya kikao.

Jumamosi, 25 Aprili

Naandaa hotuba ya kikao. Nimeigawa sehemu tatu, zenye ushahidi wa dini, wa sheria na wa akili. Nyundo amekuja kunisaidia kuziba paa. Nikamsomea mwanzo wa hotuba kutoka chini ya ngazi.

"Ni nzuri, Mwalimu," akasema toka juu. "Lakini wale watalala."

Alhamisi, 30 Aprili

Kikao kilipangwa saa nane mchana. Mama Kimya alipoambiwa saa hiyo alitikisa kichwa. "Saa nane wamelala." Katibu akamweleza kwamba halmashauri haipangi vikao kwa kufuata usingizi wa watoto. "Sawa," akasema. "Watalala huko huko."

Nilidhani ni maneno ya hasira. Hata leo asubuhi nilikuwa bado sijamjua vizuri.

Raia huruhusiwa kuhudhuria. Mama wa watoto walikuja wote, baadhi wakiwa na nguo za kazi, na kwa kuwa kituo kimefungwa walikuja na watoto. Ukumbi wa baraza una zulia jekundu na viti vya ngozi vilivyopangwa nusu duara. Kabla wajumbe hawajakaa sawasawa, Mama Kimya aliingia mbele ya watoto, akavua viatu mlangoni, akawavua na wao, akatandika mikeka juu ya zulia katikati ya nusu duara ile, akashusha mapazia ya madirisha makubwa. Watoto hawakuuliza. Walijua saa. Wakajilaza kila mmoja mahali pake, akawapapasa migongo mmoja baada ya mwingine, na mvua ikasaidia.

Mwenyekiti wa halmashauri aligonga meza. "Jamani, hapa ni—"

Mama Kimya akageuka, kidole mdomoni.

Sijui ni nini kilicho katika kidole cha mwanamke yule. Mwenyekiti, mtu mzima mwenye mkufu wa cheo shingoni, alinyamaza. Pengine alimkumbuka mama yake. Akaanza tena kwa kunong'ona, na wajumbe wote wakawa wananong'ona. Mkaguzi alipopita kusoma taarifa yake, viatu vyake vikalia kwenye sakafu pembeni mwa zulia. Akatazamwa na ukumbi mzima. Akainama, akavivua.

Alisoma kwa sauti ya chini sana kwamba hakuona shughuli yoyote. Aliposema hivyo alikuwa amesimama na soksi, kati ya watoto waliolala, akichunga asimkanyage mtu kidole. Alifika pale paliposema "watoto walikutwa wamelala", akatazama chini, akaishia hapo. Akakunja karatasi.

Muuza mboga akaitwa. Alinong'ona mambo machache tu. "Mwanangu ni yule wa pili kutoka ukutani. Siku ya maji hakuwa juu ya mkeka kama sasa. Nilimfungia ndani kwa sababu mlimfungia nje." Akarudi kukaa.

Zamu yangu ikafika. Nilisimama na karatasi zangu, nikasafisha koo, nikaweka fimbo sawa. Mama Kimya akanitazama. Kidole.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "wameshasikia."

Nikakaa. Hotuba ya sehemu tatu iko mfukoni mwangu ninapoandika haya, na sina kinyongo.

Kwa kuwa kusema ndiyo au siyo kungewaamsha watoto, kura ilipigwa kwa mikono. Wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wa mjumbe mmoja, mama mzee mwisho wa safu, kisha mwingine, kisha mingi. Diwani wetu alitazama kushoto, akatazama kulia, akaona upepo unakoelekea, ndipo wake ukapanda. Nilimfundisha kusoma. Hilo sikumfundisha.

Ruzuku ya watoto imerudishwa. Shauri la kufuli limefutwa. Karakana "itajadiliwa wakati muafaka". Nyundo, aliyesimama nyuma mlangoni, alilisikia hilo akavaa kofia yake akatoka taratibu, asimwamshe mtu.

Jumatatu, 4 Mei

Kituo kimefunguliwa. Binti yangu ameingia zamu ya asubuhi. Nafasi yake ilikuwa haijapewa mtu. Mjukuu wangu hakugeuka hata kuniaga.

Jumatano, 6 Mei

Manyunyu tu. Karakana wameiwekea kufuli jipya, kubwa kuliko la kwanza. Fedha ya kununua kufuli ilipatikana mara moja. Vijana huja jioni wakaketi ukumbini, mikono mitupu. Huwazibia watu mapaa, huwazibulia mitaro, hakuna anayewaita wahuni tena, na hakuna anayewafungulia mlango.

Nimekwenda kwa diwani. Ameniambia wakati muafaka haujafika. Nilimuuliza utakuja na dalili gani, tuujue tutakapouona. Akaagiza chai.

Jumatatu, 11 Mei

Nimechukua mkeka, nimekwenda kuketi kwenye baraza ya nyumba ya diwani baada ya sala ya alasiri. Alitoka akanibusu mkono, akauliza nina shida gani. Nikaweka kidole mdomoni.

Jumanne, 12 Mei

Vile vile. Mkewe ameniletea maji, akanong'ona bila kuambiwa anong'one. "Mwalimu, amekula mezani leo bila kusema neno." Wageni wake wanapita kando yangu wakiinama. Nyundo ameketi nami nusu saa, kisha muuza mboga na mwanawe, ambaye alilala.

Alhamisi, 14 Mei

Mawingu yamekwisha. Leo barazani tulikuwa wengi, na hapakuwa na sauti ila ya kuku wa jirani. Diwani alitoka, akasimama, akaanza, "Mwalimu wangu, unanitia aibu mbele ya watu."

Aliingia ndani, akakaa kitambo, akatoka na ufunguo wa karakana, akauweka juu ya mkeka wangu kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha kumpa mkubwa kitu. Alingoja. Nadhani alingoja shukrani.

Sikumshukuru. Ufunguo ulikuwa wetu. Nikampa Nyundo, naye akaondoka nao mbio na wenzake, na baada ya muda mfupi tukasikia msumeno ukianza kule kituoni, saa ya watoto ikiwa imeshapita.

"Basi, Mwalimu?" diwani akauliza, akininyooshea mkono anisaidie kuinuka.

Nikamwonyesha fundi, aliyeketi nyuma yangu, asiyelipwa tangu mwezi wa tatu. Kisha nikaunyoosha mkeka wangu vizuri, nikakaa tena.